Salamu Ziko Msituni

Mtu aliyelelewa Tanga akifika Oslo, baridi anaizoea. Asilolizoea ni kutosalimiwa. Ukimwamkia jirani kwenye ngazi, anageuka kuangalia kama amefunga mlango wake. Kwenye treni kila abiria huketi peke yake katika kiti cha watu wawili, na ukijisogeza kando yake hushika simu ghafla kama aliyepokea habari za msiba.

Jirani yangu Mkongo, mwenyeji wa Uvira, ndiye aliyenipa siri. "Ndugu, hawa wanasalimia sana, ila si huku chini. Panda treni namba 1 mpaka mwisho wa reli, Frognerseteren. Vaa skii, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini. Utasalimiwa mpaka uchoke."

Huko ndiko unakoanzia msitu wa Nordmarka. Kuna chama kilichoanzishwa mwaka 1883, Skiforeningen, ambacho mashine zake hupita kuishindilia theluji na kuichonga mifereji miwili ya kutia skii. Kando ya mifereji huachwa uwanja laini kwa wale waendao kwa mwendo wa kupiga mateke pembeni. Alama nyekundu ni njia za msimu wa baridi, za buluu ni za kiangazi. Getini hakuna wa kukudai kiingilio. Hata geti lenyewe hakuna.

Na kweli, salamu zilimiminika. "Hei hei!" Tatizo ni kwamba kwenye mteremko mifereji ile hukupeleka inakotaka yenyewe, na breki niliyokuwa nayo ni makalio. Basi salamu nyingi nilizipokea nimekaa. Bibi mwenye mvi aliniamkia kwa furaha, akanizunguka, akaenda zake. Mtoto ambaye hata fimbo hajapewa akapiga "hei!" nami, kwa mazoea, nikamjibu "marahaba" nikiwa chini ya kimo chake.

Kupanda nako kuna mambo yake. Nta ya chini ya skii huchaguliwa kulingana na baridi ya siku hiyo, na niliyopakwa mimi ilikuwa ya siku nyingine. Mzee mmoja alinisalimia akinipita mlimani. Akasimama kunywa maji, nikampita mimi, kisha nikateleza kinyumenyume mpaka mbele yake. Akanisalimia tena, bila mshangao wowote.

Katika ukoo huu wa salamu, mkubwa wetu ni Philip Boit wa Kenya. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Nagano, 1998, alimaliza wa mwisho mbio za skii za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekwisha kutwaa dhahabu, alimngoja pale mwisho kama dakika 20 ili amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Ni tendo la kiungwana, sibishi. Ila nawaza: wangekutana kwenye treni namba 1, Dæhlie angekuwa anatazama dirishani.

Nyumba ya mapumziko ya Ullevålseter, humo msituni, ndiyo iliyonithibitishia hilo. Skii huchomekwa kwenye theluji nje, watu huingia kupanga foleni ya maandazi yenye iliki. Yule bibi mwenye mvi alikuwa mbele yangu. Nikamwambia "hei hei." Akakaza macho kwenye bei za kahawa.

Nikalipa, nikatoka, nikavaa skii zangu upya, nikala andazi palepale mlangoni nikimngoja atoke.