Zimeni Pangaboi, Kima Anapepea

Kima akinyoosha mkono kumtupia papa tunda la mkuyu, mtazamaji anaona sekunde moja tu. Sisi tuliokuwa sebuleni kwetu Mbagala siku ile tunajua sekunde hiyo ilikula uniti ngapi za Luku na ilituacha na maelewano gani na jirani wa chumba cha pili.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Mwalimu wa Kiswahili aliwapa kazi mradi ya fasihi simulizi: kila kikundi kichague ngano, kiiwasilishe darasani kwa njia kitakayoona inafaa. Vikundi vyenye busara vikachagua kuigiza. Khanga mbili, bakora ya mzee, ndevu za pamba, kazi imekwisha. Kikundi cha binti yangu kikaamua kutengeneza katuni.

Siwalaumu sana. Watoto hawa wamekulia kwenye Ubongo Kids, ambayo ilianza kurushwa TBC mwaka 2014 na inatengenezwa hapa hapa Dar, kwa hiyo vichwani mwao katuni ni kitu kinachofanyika mjini hapa na watu wanaopanda daladala. Mimi nililelewa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, kisha Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa Sani. Katuni zangu zilikaa pale zilipochorwa. Hazikumuomba mtu simu wala hazikumzuia mtu kupita kwake kwenda chooni.

Ngano waliyochagua ni ile ya kima na papa, ya zamani kiasi kwamba Edward Steere aliikuta Unguja na kuichapa mwaka 1870. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia papa matunda, wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, na wakifika katikati ya maji ndipo anapomwambia kwamba Sultani wa huko ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwa utulivu kwamba kima hawatembei na mioyo, huiacha mtini, kwa hiyo warudi wakauchukue. Nilidhani wameipenda kwa sababu ya hekima yake. Dairekta wao, kijana mwembamba ambaye kutwa nzima hakugusa mkasi wala gundi, akanisahihisha: “Baba, shikamoo. Tumeichagua kwa sababu papa hana miguu. Miguu ni kazi.”

Na ni kazi kweli. Sinema huenda kwa picha 24 kila sekunde. Watengenezaji katuni wengi hupunguza mzigo kwa kuionyesha kila picha mara mbili, wakabaki na 12, na hawa nao walikwishaligundua hilo. Hata hivyo dakika mbili ni picha 1,440. Kabla ya kila picha papa anasogezwa kidogo, kima anainuliwa kidole, watu wote wanatoa mikono, mmoja anabonyeza. Halafu tena.

Wahusika walikatwa kwenye katoni la sabuni, viungo vikafungwa kwa uzi. Mjerumani mmoja, Lotte Reiniger, alitumia vikaragosi vya kukata kwa mkasi namna hiyo akamaliza filamu ya zaidi ya saa moja mwaka 1926. Yeye alikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake na kamera juu. Sisi tulikuwa na kiti cha plastiki chenye nafasi kwenye kikalio, simu yangu imelazwa juu yake ikichungulia sakafuni. Bahari ilikuwa khanga ya bluu ya mke wangu, ile ya kutokea. Jina la khanga halikuweza kufichwa lote, na ni jina la kusuta, kwa hiyo papa wetu anaogelea filamu nzima huku akisutwa.

Shida yenyewe ni kwamba ili karatasi ionekane inatembea, kila kitu kingine ndani ya nyumba sharti kisimame. Mbagala hakuna kinachosimama. Pangaboi likiwashwa, kima anapepea na kuondoka na mkuyu wake. Likizimwa, na huu ulikuwa mwezi wa tatu, jasho la mpiga picha linamdondokea papa mgongoni na rangi inavuja. Wingu likipita, bahari inaingia giza kwa nusu sekunde kisha inang’aa, kana kwamba huko chini nako kuna mgao. Wakafunga pazia wakawasha taa. Luku ikalia, kisha ikanyamaza, na sote tukajua maana ya ule ukimya. Jirani tunayechangia naye mita alikuja mlangoni kuuliza nani ameacha pasi. Alipoelezwa kwamba ni taa ya kima, alikaa kimya kidogo, akarudi kwake. Hajarudisha salamu vizuri tangu hapo.

Simu ikipigwa hutetemeka, ikitetemeka picha inaruka, kwa hiyo walinizimia mtandao. Huko Tandika nina mdeni wangu ambaye kwa kawaida hapatikani kwa simu wala kwa miguu. Siku niliyokuwa sipatikani mimi, ndiyo aliyonitafuta. Sasa ana hoja nzito kuliko deni: “Kaka, nilikupigia nikulipe, hukupatikana.”

Nafasi nayo ikajaa. Picha moja ya simu yangu ni kama megabaiti 3, zidisha mwenyewe. Binti yangu akauliza kwa adabu afute nini. Nikamwambia afute picha zote za vikao vya harusi, michango nilishatoa.

Msiba mkubwa uliletwa na kuku. Jicho la papa lilikuwa punje ya choroko, na walipotoka kwenda kunywa chai mtetea wa mwenye nyumba aliingia, akatembea juu ya bahari, akala jicho. Choroko nyingine haikuwa na mahali pa kukaa, kwa kuwa alilidonoa na katoni lake. Nikafikiri sasa wataigiza kama wenzao. Dairekta aliinama, akalitazama lile tundu muda mrefu, akatangaza: “Iache hivyo hivyo. Tamaa imempofusha.” Nina hakika kuna washairi waliosomewa tahakiki kwa msingi kama huo.

Sauti zilirekodiwa ndani ya kabati la nguo, blanketi juu, mtoto mmoja mmoja akiingia na kutoka akiwa ameloa. Bodaboda waliondolewa kwa kurudia, na spika ya kinyozi kwa kumbembeleza. Kilichoshindikana ni yule muuza dawa anayesukuma baiskeli yenye kipaza sauti. Papa alikuwa amefika pazuri kuliko pote, sauti imeshuka, huzuni imejaa: “Rafiki yangu, Sultani wetu ni mgonjwa. Dawa yake ni…” Na nje, wazi kabisa, ikadakiwa: “Dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya, viroboto!”

Walirudia. Lakini aliyeigiza papa hakuweza tena kulifikia neno dawa bila kucheka, na mwenye simu alikuwa anaihitaji simu yake. Ikabaki.

Siku ya kuwasilisha niliomba ruhusa kazini, nikakaa nyuma na wazazi wawili ambao watoto wao waliigiza na ambao walionekana wamelala vizuri. Projekta iligoma, ikapigwa kofi, ikakubali. Kima akatupa tunda. Darasa likapiga kelele kama Simba wamefunga. Jicho lilipotoweka, nikamwona mwalimu akiandika kitu. Ilipofika dawa, watoto walianguka juu ya madawati, wengine wakaidakia ile orodha hadi viroboto.

Taa zilipowashwa mwalimu alivua miwani. Alisema ngano hii ameifundisha miaka mingi, na angependa kikundi kimweleze mende na kunguni wametokea toleo gani.

Dairekta alisimama, mikono nyuma.

“Mwalimu, Sultani hakuanza na moyo wa kima. Alijaribu kwanza zile zinazopita mtaani.”