Mtindi wa Barafu na Ndugu Wanaosingiziwa

Vipande vya mtindi wa barafu ni mtindi mzito uliotiwa utamu kidogo, ukatandazwa kwenye sinia, ukapambwa kwa matunda na kugandishwa hadi uweze kuvunjwa kwa mkono. Mahitaji yake ni machache: nusu lita ya mtindi mzito, vijiko viwili vikubwa vya asali, kikombe kimoja cha matunda yaliyokatwa vipande vidogo, sinia, na karatasi ya kuokea ya kulitandika. Mtindi na asali hukorogwa pamoja, humiminwa juu ya karatasi na kusawazishwa kwa unene wa sentimita moja hivi. Matunda hutawanywa juu yake, kisha sinia huingizwa kwenye friza kwa saa tatu hadi nne. Kazi haihitaji moto wala mashine.

Kwa kitafunwa chepesi namna hii, wingi wa ugomvi unaoifikia safu hii unashangaza. Barua sita zimechaguliwa na kupangwa kwa kufuata hatua za utengenezaji, si kwa wingi wa machozi yaliyomwagika juu ya karatasi. Kila barua ina ndugu anayetuhumiwa. Kwa hiyo kila jibu linaanza na hukumu, ndipo mapishi yanafuata.

Barua ya kwanza: jino la mume

Jino Limetikisika, wa Tanga, anaeleza kwamba mkewe alimwandalia vipande vigumu kama tofali la kuchoma. Anashuku makusudi, kwa kuwa wiki hiyo walikuwa wamekosana kuhusu pesa ya kodi.

Mke hana hatia. Mkosaji ni maji. Mtindi wa kawaida ni maji kwa asilimia 88 hivi, na maji yakigandishwa polepole hufanya chembe kubwa za barafu zinazoshikana. Maduka ya mtindi wa barafu, kama yale ya TCBY yaliyoanzia Little Rock, Marekani, mwaka 1981, hutumia mashine inayoukoroga mtindi muda wote unapoganda na kuutia hewa, ndiyo maana hutoka laini. Sinia la nyumbani halikorogi kitu, hivyo maji hayana budi kupunguzwa mapema. Mtindi humiminwa kwenye kitambaa safi cha pamba, na kile cha kuchujia tui kinafaa kikishafuliwa vizuri. Kitambaa hufungwa na kuning'inizwa juu ya bakuli ndani ya friji kwa saa nne au usiku kucha. Lita moja hubaki karibu nusu. Maji yanayodondoka hayatupwi: hukandiwa unga wa chapati au hutiwa kwenye uji.

Mafuta na sukari navyo hulainisha. Mtindi uliotolewa mafuta huganda mgumu kuliko wenye mafuta yake. Sukari, kwa upande wake, huyafanya maji yagande kwa shida, kiasi kwamba hata kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri sehemu ya maji hubaki haijaganda. Baridi pia hufifisha ladha, kwa hiyo mchanganyiko uonjwapo kabla ya kugandishwa unapaswa kuzidi utamu kidogo. Sinia la alumini hugandisha haraka kuliko la plastiki, na ugandishaji wa haraka huleta chembe ndogo. Vipande vikitolewa, huachwa mezani dakika chache kabla ya kutafunwa. Jino lipelekwe kwa daktari wa meno, na kodi ilipwe.

Barua ya pili: uchungu wa nanasi

Mama Mkwe, wa Morogoro, anaripoti kwamba mkaza mwana wake alimkaribisha kwa mtindi wa nanasi uliokuwa mchungu na umelegea. Anataka kujua ni dawa gani inayoweza kuwa ilitiwa.

Dawa ilitiwa na nanasi lenyewe. Nanasi bichi, yaani lisilopikwa, hata likiwa limeiva, lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho hukatakata protini za maziwa. Mtindi ukikaa nalo hulegea, na vipande vya protini vilivyokatika huleta uchungu. Papai nalo lina kimeng'enya cha aina hiyo, hasa kabla halijaiva. Moto huua nguvu hiyo: nanasi lililokatwa huchemshwa dakika chache pamoja na kijiko cha sukari, huachwa lipoe kabisa, ndipo linapowekwa juu ya mtindi. Nanasi la kopo limekwisha kupita motoni kiwandani na halina madhara hayo.

Katika matunda mengine, kipimo ni kilekile cha maji. Tikiti lina maji asilimia 92 hivi, na kipande chake kikiganda hulia mdomoni kama kokoto. Embe lina asilimia 83 hivi na ndizi mbivu 75, na yote mawili hubaki laini kiasi. Embe dodo na bolibo hufaa sana likiwa limeiva bila kulainika mno. Ndizi hukatwa dakika ya mwisho na kupakwa maji ya limau isigeuke nyeusi. Pasheni hukamuliwa moja kwa moja juu ya sinia pamoja na mbegu zake, na ukali wake hukata utamu wa asali. Mkaza mwana aombwe radhi, ikiwezekana mbele ya waliosikia tuhuma.

Barua ya tatu: harufu ya dagaa

Pua Imechoka, wa Mwanza, anamlaumu dada wa kazi kwa kukata embe kwa kisu alichosafishia dagaa. Ushahidi wake ni harufu iliyojaa kwenye sinia zima siku ya tatu.

Kisu kingeacha harufu siku ile ile ya kwanza. Harufu inayokuja siku ya tatu imetoka ndani ya friza. Mafuta ya maziwa hunasa harufu za jirani kwa urahisi, na sinia lililoachwa wazi pembeni ya samaki halina kinga. Vipande vikishaganda hutolewa kwenye sinia, huvunjwa na kupangwa ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, karatasi ikiwekwa kati ya tabaka na tabaka visishikane. Wale waliozoea kuvifunga kwa mifuko ya plastiki ya sokoni walilazimika kubadili mazoea tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na kopo kwa kweli ni bora zaidi. Ladha hubaki nzuri kwa wiki mbili hivi. Dada wa kazi abaki kazini, na dagaa wahamie kwenye kopo lao.

Barua ya nne: mafua ya mjukuu

Mama Mwenye Lawama, wa Mombasa, anasema mavyaa yake alimpa mtoto vipande viwili vya mtindi wa barafu, na kesho yake mtoto akaamka na mafua.

Mafua huletwa na virusi, na virusi hivyo hutoka kwa mtu aliyeugua, kwa kupiga chafya, kukohoa au mikono isiyonawiwa. Barafu haitengenezi virusi. Mtoto aliyeamka na mafua aliambukizwa kabla sinia halijatolewa kwenye friza, pengine shuleni. Mavyaa aachiwe huru, ila kwa masharti matatu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvidhibiti. Utamu wake utokane na ndizi iliyopondwa. Watoto wa chini ya miaka mitano hukatiwa zabibu kwa urefu, vipande vinne, zisije zikawakaba. Na maziwa yanayogandishwa nyumbani kuwa mtindi ni lazima yawe yamechemshwa, kwa kuwa maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa bruselosi, na friza haiui vimelea vyake.

Barua ya tano: wifi na umeme uliokatika

Gizani, wa Mbagala, aliandaa vipande vya sherehe ya ubarikio. Umeme ulikatika kwa muda wa saa tano, na uliporudi, friza ilikuwa na supu ya matunda. Anadai wifi yake ndiye aliyeharibu, kwa kuwa alifungua mlango kila baada ya dakika kumi kuangalia kama bado vimeganda.

Hapa hatia ipo. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri huhifadhi baridi kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Saa tano zisingetosha kuleta supu. Kila mlango unapofunguliwa, hewa baridi hutoka na ya joto huingia. Hata hivyo, friza iliyokuwa na sinia moja tu haikuwa na akiba ya baridi, na hilo ni kosa la mwenye sherehe. Nafasi tupu hujazwa chupa za maji zilizogandishwa, nazo husaidia kushikilia baridi umeme unapokatika. Mtindi ulioyeyuka ukakaa kwenye joto zaidi ya saa mbili haugandishwi tena, hutupwa. Lawama igawanywe nusu kwa nusu.

Barua ya sita: sinia tupu

Sinia Tupu, wa Ilala, aliacha vipande ishirini jioni na kukuta vitatu asubuhi. Mumewe anashikilia kwamba vimepotea hewani, kwa maana amesikia barafu inaweza kugeuka mvuke bila kupita kwenye maji.

Sayansi ya mume ni sahihi. Barafu ndani ya friza hupoteza maji moja kwa moja kuwa mvuke, ndiyo maana vipande vya zamani hukauka juu na kuwa na ladha ya karatasi. Lakini jambo hilo huchukua wiki, hupunguza vipande vyote kwa pamoja, na huacha mtindi na matunda palepale yalipokuwa. Haliwezi kuchagua vipande vyenye embe na kuviacha vitatu vya tikiti. Wala halina sababu ya kuacha kijiko kwenye sinki.

Katika barua zote sita, huyu peke yake ndiye anayepatikana na hatia kamili. Adhabu inayopendekezwa ni anunue mtindi lita moja, auchuje usiku kucha kwa kitambaa alichokifua mwenyewe, amenye maembe, kisha asubiri saa nne zote bila kufungua mlango wa friza.