Nunda Aliyeitwa Paka

Fedheha kubwa ya mpaka rangi wa sanamu ndogo za michezo ya mezani mjini Lamu haitoki kwa wakosoaji wenye ujuzi, bali kwa wazee wa barazani, ambao wakipewa mkononi nunda mla watu, aliyekauka rangi asubuhi hiyo hiyo, humgeuza mara moja, humchungulia tumboni, kisha humrudisha na kuuliza paka huyu ni wa nani. Hukumu hiyo ilitolewa juzi tu katika baraza moja jirani na Mkunguni, ikathibitishwa na mtoto mpita njia, ambaye aliongeza bila kuulizwa kwamba paka mwenyewe ana upele.

Sanamu zinazozungumziwa ni vinyago vya plastiki, rezini au madini vinavyosogezwa mezani katika michezo ya vita na ya masimulizi, kama vile Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, ambamo kila mchezaji huvaa nafsi ya mhusika mmoja na mchezeshaji huwaletea wote madubwana ya kupambana nayo. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 28, yaani urefu wa sanamu ya mtu mzima kutoka wayo hadi jicho, na kwa kipimo hicho mnyama mwenye kimo cha punda hufika kama milimita 20 begani, huku mboni ya jicho lake ikiwa haifiki hata robo ya milimita.

Kukipaka rangi kitu cha namna hiyo ni elimu kamili. Kwanza hupulizwa rangi ya msingi, ambayo kazi yake si kupendeza bali kuzishika rangi zitakazofuata. Kisha hupakwa rangi ya mwili, iliyozimuliwa kwa maji mpaka iteleze kama maziwa, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu rangi nzito huziba mistari ya manyoya. Baadaye humiminiwa rangi nyembamba ya giza, ambayo hukimbilia mifereji yenyewe na kuviacha vilele vikiwa wazi, na hatimaye brashi iliyofutwa kitambaani hadi ikakaribia kukauka hupitishwa juu juu, ili ncha za manyoya peke yake zinase rangi ya mwanga. Jambo la kustaajabisha, ambalo halijapata kumstaajabisha mtu yeyote barazani, ni kwamba jua halitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa vivuli vya kitu kidogo ni hafifu mno kuonekana, hivyo mpaka rangi analazimika kuchora mchana mzima juu ya mgongo usiozidi upana wa kidole.

Kilichomponza nunda wa Mkunguni ni hatua ya mwisho, yaani vanishi ya kopo la kupuliza. Vanishi hiyo ina kiyeyushi kinachoruka upesi, nacho kinaporuka huondoka na joto, uso wa sanamu ukapoa kuliko hewa inayouzunguka, na hewa ya kisiwani, ambayo imeshiba unyevu wa bahari, huuangusha unyevu huo ndani ya utando ambao bado haujakauka. Vitone vinavyobaki humo havionekani kimoja kimoja, lakini kwa pamoja hutawanya mwanga, na nyeusi iliyopakwa kwa subira hugeuka kijivu chenye mabaka. Huo ndio upele aliouona mtoto. Nyuma ya kopo pameandikwa kwamba lipulizwe mahali pasipo unyevu, agizo ambalo likifuatwa kikamilifu litamlazimu mpaka rangi wa Lamu kuhamia bara.

Hata hivyo vanishi pekee haielezi yote. Paka wa Lamu, wembamba na wenye shingo ndefu, ambao wageni hupenda kuwafananisha na wale wa michoro ya Misri ya kale, hulala sokoni, gatini na juu ya mabaraza yenyewe, na mtu aliyekulia miongoni mwao hatishwi na paka, hata aongezewe meno. Nunda naye, kwa haki, alianza maisha akiwa paka. Katika ngano ya Sultani Majnuni, iliyochapishwa na Edward Steere katika *Swahili Tales* mwaka 1870, paka wa sultani alikula kuku, akala mifugo, na sultani akamwachia kila mara kwa hoja kwamba mlaji ni wake na kilicholiwa ni chake, hoja ambayo haikufa pamoja naye. Paka alipofika kwa wana wa sultani, ndipo kitindamimba, Mkaa Jikoni, alipotoka kumwinda, akawa analeta nyumbani mara mbwa, mara twiga, mara ndovu, na kila mara mama yake akimwambia kwamba huyu siye. Sifa za nunda zimetajwa humo waziwazi: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mkia mnene. Zote zilifuatwa.

Mikasa mingine ni midogo: mbuzi alikula brashi, na joka lililoanikwa upenuni liliondoka na kunguru.

Palipo na uchungu ni kwingine. Gygax, kama walivyosimulia waliocheza naye, alinunua vichezeo vya plastiki vya bei rahisi kutoka Hong Kong, visivyofanana na mnyama yeyote, na kutokana navyo wakazaliwa mdudu mla chuma na dubu mwenye kichwa cha bundi, ambao leo wana kurasa zao, tarakimu za nguvu zao na sanamu za kila bei. Kichezeo kisicho na nyanya wa kukisimulia kimepata heshima hiyo. Mwaka 2001 J. K. Rowling alimtia katika kitabu chake cha wanyama wa ajabu kiumbe wa Afrika Mashariki aitwaye Nundu, chui mkubwa ambaye pumzi yake huangamiza vijiji na ambaye hajapata kushindwa na wachawi pungufu ya mia moja, ilhali Mkaa Jikoni alimmaliza nunda akiwa na wafuasi wake, bila mchawi hata mmoja. Hiyo si heshima, ni kumvisha mtu kanzu ya jirani na kukosea jina lake.

Basi wanaotunga michezo hii, wawe Nairobi, Dar es Salaam au popote penye meza na dadu, wanaombwa wampe nunda ukurasa wake, kwa jina lililoandikwa sawasawa na kwa sifa alizopewa mwaka 1870, wala wasimwongezee pumzi ya sumu.