Umetumwa au Umekuja Kunirithi?

Amiga 500 ilitoka mwaka 1987, ikiwa na prosesa ya Motorola 68000 yenye kasi ya megahatzi 7 hivi na kumbukumbu ya kilobaiti 512. Commodore, kampuni iliyoiunda, ilifilisika Aprili 1994, na tangu hapo spea zake ni za kuokoteza. Moja ya kompyuta hizo ililazwa mezani kwa fundi huko Uingereza, kifuniko kimevuliwa. Kando yake iliwekwa kompyuta ndogo mpya, Raspberry Pi, na chuma cha kulehemu kilichokuwa bado moto.

"Shikamoo, mzee," ilisema Raspberry Pi.

"Marahaba. Umetumwa au umekuja kunirithi?"

"Nimekuja kukuongezea nguvu. Nina viini vinne, kila kimoja gigahatzi 1.2."

"Nguvu za kufanyia nini? Mchezo uliotungwa kwa megahatzi 7 ukiupa kasi hiyo, mchezaji anakufa kabla hajamwona adui."

Ukarabati huanza na betri. Kadi ya kuongezea kumbukumbu, A501, ina betri ya nikeli na kadimi inayoendesha saa. Ikizeeka huvuja, na maji yake hula njia za shaba mpaka zikageuka kijani. Kadi hii ilikuwa na doa la namna hiyo, la ukubwa wa ukucha. Betri iling'olewa, doa likasuguliwa kwa siki na mswaki mkuukuu, likafutwa kwa spiriti, na njia mbili zilizokatika zikaungwa kwa waya mwembamba kama unywele.

"Hiyo ndiyo kazi," kilisema chuma. "Na hakuna aliyeipiga picha. Picha zote kapigwa huyu kijana, akiwa bado kwenye boksi."

Baada ya betri huja kapasita. Zinazosifika kwa kuvuja ni zile ndogo zinazobandikwa juu ya bodi, kama za Amiga 600 na 1200. Za 500 nyingi zina miguu inayopenya bodi, na mara nyingi bado ni nzima.

"Zangu zimebadilishwa zote," ilisema Amiga.

"Zilipimwa?" iliuliza Raspberry Pi.

"Zipimwe za nini? Fundi aliona video."

"Nami nikaamrishwa kuchoma wazima!" kiling'aka chuma. "Vibati vitatu vya shaba vimebanduka kwa joto langu. Mgonjwa kaingia na mafua, katoka na mguu uliovunjika."

Diski za kilobaiti 880 hazina mjadala mrefu: mota ya kisoma-diski ikifa, kifaa kiitwacho Gotek hukaa mahali pake na kusoma flashi.

Prosesa ndiyo yenye ugomvi. 68000 huchomolewa kwenye soketi, na kadi yenye Raspberry Pi huchomekwa hapo kuigiza kazi yake.

"Na picha nitazitoa kwa kebo yangu mwenyewe," iliongeza Raspberry Pi.

"Na Denise, chipu yangu ya picha?"

"Atapumzika."

"Na mimi?"

"Utabaki kibodi, mzee. Kibodi nzuri sana."

"Basi hayo ni mazishi!" kilisema chuma. "Maiti kavishwa kanzu ya Idi, majirani wanaitwa waje waone anavyotembea. Na kasha lililokaa zaidi ya miaka 30 bila tundu linatobolewa kwa drili ili kebo ipite. Mtu anayetaka kompyuta mpya si anunue mpya? Wenye akili za drili wasipewe vitu vya wazee!"

"Mbona mimi sijatoboa kitu?" ilijitetea Raspberry Pi. "Naingia soketini bila lehemu, nikivutwa natoka."

"Wewe huna kosa. Nimesema drili."

Chipu iliyochomolewa huchomekwa kwenye sponji nyeusi inayoikinga na umeme tuli, kisha huhifadhiwa pamoja na mashine yake, ili anayekuja aweze kuirudisha. Ile 68000 ilikuwa bado mezani usiku huo, nzima, miguu yake yote 64, chini ya kikombe cha chai.