Sifa za Kiungo Baridi

Wengine wamesifu farasi na dhahabu. Mimi nakisifu kiungo baridi: lile donge la risasi kwenye waya mnene wa gari la rimoti, limefifia kama jicho la samaki wa jana, limekaa juu ya shaba kama mgeni aliyeishia barazani.

Kukipata hakuhitaji elimu. Chukua waya wa geji 12, ule laini wenye nyuzi 680 nyembamba kama unywele, uukabili kwa pasi ya kulehemu ya wati 30 uliyoazima kwa fundi redio. Risasi iliyochanganywa na bati huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, na ncha ya pasi ina zaidi ya hizo. Lakini shaba hunywa joto kama mchanga unavyokunywa maji, ikakuletea hadi vidoleni kabla risasi haijalainika. Wapo watakaokwambia utafute pasi ya wati 80 yenye ncha pana, upake fluksi, uloweshe kila ncha ya waya kwa risasi kabla ya kuunganisha. Watu hao hawapendi visa.

Tazama adabu yake. Kipime kwa mita, mita italia pii, kila kitu shwari. Mbele ya wageni hakigombi. Kinangoja mzigo.

Na ukarimu je? Ampea 50 zikipita mahali penye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, zinazaa wati 25 za joto. Yaani kiungo chako kimegeuka pasi ya kulehemu, karibu sawa na ile ya fundi redio, na hakikudai hata senti! Sasa kinajifumua chenyewe katikati ya uwanja, gari likiwa hewani juu ya kichuguu, mota kimya. (Huko chini kuna mtaro. Ninaujua.)

Kisha kinakurudisha mezani, maana kinapenda kukaa nawe. Unalehemu upya, safari hii vizuri, risasi inang'aa, unapuliza, unatabasamu. Ndipo unapouona mpira wa kusinyaa, ule wa kukifunika kiungo, umelala kando ya kikombe cha chai. Ulitakiwa uuvike kwenye waya kwanza.

Changu cha kwanza kilidumu dakika nne. Nimekihifadhi kwenye kopo la maziwa. Ukipita, piga hodi nikuonyeshe.