Elimu ya Kuondoka Bila Kuondoka

Katika soko la Kwa Sadala, wilayani Hai, kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, mnunuzi wa viatu vya mtumba hufika akiamini kwamba bei anaijua, imani ambayo hudumu hadi muuzaji anapotamka "elfu arobaini". Kuanzia hapo hapimi tena thamani ya kiatu, bali hupima ni kiasi gani ataipunguza hiyo arobaini. Wanasaikolojia huita hali hii nanga, yaani tabia ya akili kung'ang'ania tarakimu ya kwanza iliyoisikia, hata isipohusiana na jambo lenyewe. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambamo watu walizungushiwa gurudumu la bahati, lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakatakiwa kukisia asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa. Waliopata 10 walikisia kama 25, na waliopata 65 wakakisia kama 45. Muuzaji wa Kwa Sadala hana gurudumu, wala halihitaji.

Silaha anayoitegemea mnunuzi ni kuondoka kwa hila, yaani kugeuka na kwenda zake huku akisubiri kuitwa. Kazi hii ina ugumu wake, kwa kuwa akienda mbio hatasikia "njoo basi, leta thelathini", na akijivuta mno soko zima, hadi wauza vitunguu, litatambua kwamba hana aendako. Balaa ni pale asipoitwa kabisa. Akifika penye ndizi hulazimika kujifanya ndizo alizozifuata, akauliza bei, akatupiwa nanga nyingine, na kwa kuwa aibu nayo ina gharama zake, akajikuta amejitwika mkungu mzima.

Kiatu, hata hivyo, bado anakitaka. Akirudi, muuzaji humpokea kwa "karibu shemeji" kana kwamba hawajapata kuonana, kisha huanza na arobaini na tano, akieleza kuwa imebaki pea moja tu, maelezo ambayo ni ya kweli kabisa, maana katika mtumba kila kiatu ni pea moja tangu robota lilipofunguliwa. Mnunuzi, mkungu ukimlemea bega, hulipa thelathini na tano kwa furaha ya mtu aliyeokoa elfu kumi, na nyumbani, akiulizwa, hutaja ishirini.