Namna ya Kufunga Antena Minazini Bila Kumuuliza Upepo

Anza na minazi miwili, mirefu, iliyopishana kama walevi wanaorudi nyumbani: huu ukiinamia Unguja, ule unaangalia Bagamoyo. Wapo watakaokushauri mbuyu, mti usiojua hata kupepesuka. Mbuyu hauko uani kwako. Minazi ipo.

Kata waya wa shaba mita 20 hivi, unaotosha nusu ya wimbi kwa masafa mafupi ya mita 41. Usimwite mkwezi, atataka pesa, nawe una manati. Funga mshipi wa kuvulia kwenye kokoto, lenga makuti, achia. Kokoto la kwanza litatua kwenye bati la jirani. La pili litatua palepale, ila sasa jirani ameshatoka nje. Mwachie la tatu alirushe yeye, kwani hakuna mwanamume asiyeamini kwamba utotoni alikuwa hodari wa manati.

Likinasa kwenye kuti, shangilia. Mnazi hauna matawi, una makuti, na kuti likishakauka huanguka na kila ulichokitundika. Hapo ndipo utamwita mkwezi, na bei itakuwa imepanda.

Sasa vuta waya juu kwa huo mshipi, ukaze. Kaza mpaka waya ulie ukiugusa, kwa sababu waya uliolegea ni aibu kwa mwenye nyumba. Shaba laini ni mpole: upepo wa kusi ukivuta, huvutika kidogo, nawe utadhani wamepatana. Siku ya tatu hukatika. Mchana shaba ina adabu zake. Itasubiri usiku wa manane, ukiwa umetega sikio taarifa ya habari. Unga fundo, kaza zaidi, rudia. Mimi nilirudia mara tatu, na sijioni mjinga kuliko wengine.

Kwa wasio na subira hiyo ipo njia ya mabaharia, watu waliozoea kamba na upepo kabla redio haijazaliwa. Upande mmoja funga waya kwenye shina, katikati ukiweka kipande cha plastiki ili umeme wa mawimbi usivuje mtini. Upande wa pili, baada ya kipande kingine kama hicho, unga kamba, ipitishe kwenye roda iliyofungwa juu, uishushe, kisha tundika ndoo ya mawe. Minazi ikiachana, ndoo inapanda, ikikaribiana, inashuka. Ongeza mawe mpaka waya unyanyuke, lakini ubaki na tumbo kidogo. Ndoo iwe na nafasi ya kushuka, na isikae juu ya njia ya watoto.

Waya unaoingia ndani uache ulegee pia. Mimi niliusahau. Mnazi ulipoinama, redio iliondoka mezani ikakutwa dirishani, bado inatangaza.

Pasipo utani sasa: usipitishe waya karibu na nyaya za umeme, na uchomoe redio mawingu ya radi yanapojikusanya, usingoje ngurumo.

Jirani yangu yule wa bati ni mvuvi. Zamani alfajiri alikuwa akibisha hodi kuuliza redio imesemaje kuhusu hali ya hewa. Siku hizi habishi. Anachungulia juu ya ua, anaitazama ndoo inavyopanda na kushuka, halafu anarudi kulala.